Pikapu nzito za mazuti (dizeli): kwa kweli zinakula lita ngapi kwenye barabara zetu za Katanga?

Mpimaji wa Kampemba (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, salamu kwenu nyote.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu swali la "pikapu hii inakula lita ngapi?" linaulizwa kila siku hapa mjini, na majibu yanayotolewa hayamsaidii mtu anayetaka kutoa fedha zake. Mmoja atasema Ford F-250 inakula lita 12 kwa kilomita 100, mwingine ataapa kuwa ni lita 25, na huenda wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa wa kwanza aliendesha gari tupu kwenye lami ya Kasumbalesa na wa pili alivuta jenereta kwenye njia ya mgodini majira ya mvua. Mimi nashikilia kwamba namba isiyotaja uzito, mwendo na aina ya barabara haifai kununulia gari, hata ikitoka kwa mtu mwaminifu.

Tuanze na namba za kiwandani. Pikapu nzito za Kimarekani, yaani Ford F-250 na F-350, Ram 2500 na 3500, pamoja na Chevrolet Silverado 2500HD, hazina namba rasmi ya matumizi hata huko kwao. Nchini Marekani ile karatasi ya matumizi ya mafuta inayobandikwa kwenye kioo cha gari jipya haihitajiki kwa pikapu ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa, gari pamoja na mzigo, unazidi pauni 8,500, yaani takriban kilo 3,856, na hizi zote zinavuka kiwango hicho. Basi muuzaji anayekuonyesha "namba rasmi" ya F-250 mwulize ameitoa wapi. Tulicho nacho ni hesabu za wenye magari wenyewe.

Toyota Land Cruiser 79, ambayo ndiyo tunayoijua zaidi, inazo namba za maabara katika baadhi ya nchi. Huko Australia ile yenye injini ya V8 ya lita 4.5 iliandikiwa lita 10.7 kwa kilomita 100, na ile mpya ya silinda nne, lita 2.8, iliandikiwa lita 9.6. Namba hizo hupatikana gari likiwa juu ya magurudumu ya kupimia, bila tope, bila vumbi, bila magunia na bila mapipa ya maji. Zinafaa kulinganisha gari na gari, lakini hazifai kupangia safari ya udongo ya Mitwaba.

Jambo jingine linalopotosha watu ni galoni. Wamarekani na Waingereza hupima kwa maili kwa galoni, lakini galoni ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza ni lita 4.546. Ukisoma kwamba gari linakwenda maili 20 kwa galoni, kwa Mmarekani hiyo ni takriban lita 11.8 kwa kilomita 100, na kwa Mwingereza ni lita 14.1. Njia fupi ni kugawanya 235 kwa maili za galoni ya Marekani, au 282 kwa maili za galoni ya Uingereza, nawe utapata lita kwa kilomita 100.

Kwa hesabu hiyo, wenye Ram 2500 yenye injini ya Cummins ya lita 6.7 huko Marekani, wakienda tupu kwenye barabara kuu kwa mwendo wa wastani, husimulia maili 18 hadi 20, yaani lita 12 hadi 13. Wakichanganya mji na barabara kuu hurudi kwenye lita 15 hadi 17, na wakivuta trela nzito hufika lita 21 hadi 26. Land Cruiser 79 ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo, kwa kawaida hukaa kati ya lita 12 na 14 kwenye lami, na hupanda hadi 16 au 18 ikiwa na mzigo kamili kwenye udongo. Hilux ya lita 2.8 ikiendeshwa kwa utulivu kwenye lami huweza kukaa kati ya lita 8 na 10.

Sasa nieleze kwa nini gari moja linaweza kuwa na namba mbili zilizoachana hivyo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Lita moja ya mazuti ina nishati ya takriban megajuli 36, na injini nzuri hutoa kama theluthi moja tu ya hiyo kuwa kazi ya kusukuma gari, yaani megajuli 12 au 13. Nyingine yote huishia kwenye rejeta na ekzosti. Chukueni pikapu ya tani nne pamoja na mzigo wake. Kwenye lami nzuri, kushinda ukinzani wa matairi peke yake hugharimu karibu lita nne kwa kila kilomita 100. Ipeleke pikapu hiyohiyo kwenye udongo laini, ambako ukinzani huo huongezeka mara tatu, na utalipa zaidi ya lita kumi kwa matairi tu, kabla hujahesabu upepo, vilima wala gia ndogo. Ndiyo maana mtu wa lami na mtu wa udongo hawataelewana kamwe wakitajiana namba kavu.

Upepo nao una sheria yake. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110 hewa inakukaba karibu mara mbili, ingawa mwendo haujaongezeka hata kwa nusu. Kwa gari refu lenye uso mpana kama hizi, tofauti hiyo peke yake inaweza kufika lita tatu kwa kilomita 100. Ongeza keria juu ya paa na mapipa yasiyofunikwa, na itazidi.

Vilima havitusumbui sana sisi wa uwanda wa juu. Lubumbashi iko kwenye takriban mita 1,200, Kolwezi kwenye zaidi ya mita 1,400, na tofauti hiyo ikisambazwa kwenye safari ya kama kilomita 300 haionekani. Lakini anayepandisha tani nne kwa mita 500 wima, kama ndugu zetu wa Bukavu wanavyofanya kila wakitoka bonde la Ruzizi, analipa kama lita moja na nusu kwa mpando huo peke yake, na hairudi yote wakati wa kuteremka kwa sababu breki zinaila.

Kuhusu kupima, naomba sana tufanye kwa namna moja ili tuweze kulinganisha. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, gari likiwa mahali tambarare. Mazuti hutoa povu, na povu hilo hukata pampu kabla tangi halijajaa. Subiri litulie, ongeza polepole mpaka ikate tena, kisha uache hapo. Andika kilomita. Endesha, halafu urudi kwenye pampu ileile, usimame upande uleule, na ujaze kwa utaratibu uleule. Gawanya lita zilizoingia kwa kilomita ulizokwenda, uzidishe kwa 100. Usipime kwa lita 20, kwa kuwa kosa la lita mbili la povu ni asilimia 10 ya hesabu yako yote. Ukipima kwa lita 80, kosa hilohilo ni asilimia 2.5 tu. Namba inayoonyeshwa na kompyuta ya gari msiiamini mpaka muilinganishe na pampu, kwa sababu mara nyingi hupendelea gari.

Matairi pia yanadanganya. Gari lililotoka na 265/70R16 likivalishwa 285/75R16, kipenyo cha tairi kinaongezeka kwa karibu asilimia 7. Kihesabu kilomita kitaandika 100 wakati umekwenda 107, na wewe utalia kwamba gari limeanza kula lita 14 kumbe ni 13 na kidogo. Linganisheni na ramani ya simu kwenye mwendo mrefu, kisha msahihishe.

Karibuni mlete namba zenu, na kila namba iambatane na mzigo, barabara, mwendo na matairi.

---

Fundi wa Kamalondo

Mzee Mpimaji, nakushukuru kwa maelezo haya. Naongeza upande wa gereji, kwa sababu magari mawili ya aina moja, yenye mzigo mmoja na dereva mmoja, bado yanaweza kutofautiana kwa lita mbili au tatu kutokana na hali ya injini.

Nianze na 1HZ. Hii haina turbo, kwa hiyo inavuta hewa iliyopo, na hewa ya hapa kwetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 11 kuliko ya pwani. Hiyo ina maana kwamba farasi wake 130 wa kwenye karatasi hawafiki wote Lubumbashi. Mwenye gari anasikia limekuwa zito, anakwenda kwa fundi, naye anafungua skrubu ya pampu ili iingize mazuti zaidi. Kwa siku mbili anafurahi. Lakini hewa haikuongezeka, mazuti ndiyo yaliyoongezeka, na yale yasiyopata hewa ya kuungua hutoka nyuma yakiwa moshi mweusi. Ukiona 79 inapanda daraja huku inaacha wingu jeusi, hizo ni fedha za mwenyewe zinapaa. Pampu ya namna hiyo irudishwe mahali pake kwa utaratibu: robo ya mzunguko, jaribu, angalia moshi, kisha robo nyingine ikibidi.

Injini zenye turbo, kama 1VD (ile V8 ya lita 4.5), 1GD (ile ya lita 2.8) au zile za Kimarekani, hazina shida hiyo kwa kiwango hicho, kwa sababu turbo hufidia hewa. Shida yao ni mazuti machafu. Pampu zao za shinikizo kubwa hulainishwa na mazuti yenyewe, kwa hiyo maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa humo huzikwangua ndani. Kukagua, tunachomoa mirija midogo ya marejeo kwenye injekta (vinyunyizio vya mazuti), kila mrija tunautumbukiza kwenye chupa yake ya plastiki nyeupe, tunawasha injini na kuiacha iungurume kwa dakika chache. Chupa zikijaa sawasawa, injekta zina afya. Moja ikifika nusu wakati wenzake wamelowa chini tu, hiyo imeisha ndani: inapitisha mazuti kurudi tangini badala ya kuyashikilia, shinikizo linashuka, mnyunyizo unakuwa wa matone badala ya ukungu, na matumizi yanapanda. Kipimo hiki ni rahisi, na mwenye gari anakiona kwa macho yake mwenyewe.

Filta ya hewa nayo msiisahau kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati vumbi jekundu halina huruma. Ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Anayeipuliza kutoka nje analisukuma vumbi liingie kwenye karatasi.

---

Dereva wa RN1

Kaka Fundi amesema kweli kuhusu moshi. Mimi naleta habari za foleni, kwa sababu sijaona mtu akiziingiza kwenye hesabu yake.

Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni takriban kilomita 90, na ukienda kwa kilomita 80 kwa saa pikapu yako haitakula vibaya. Lakini ukifika kwenye mkia wa malori ya shaba na kuanza kusogea hatua kwa hatua, huku kiyoyozi kinafanya kazi na injini haizimwi, kila saa inakula lita moja kwa injini kama 1HZ, na inakaribia mbili kwa zile kubwa za lita 6.7. Saa tano za namna hiyo kwenye gari kubwa ni karibu lita kumi ambazo hazikusogeza gari popote, na ukizigawanya kwa kilomita 180 za kwenda na kurudi, matumizi yako yamepanda kwa zaidi ya lita tano kwa kilomita 100. Kisha mtu anarudi nyumbani na kusema gari ni bovu. Gari si bovu. Alikuwa amekaa ndani yake likiunguruma.

Ninachofanya ni kuzima kila foleni inapokwama, isipokuwa injini ya turbo ikiwa imetoka kuvuta kwa nguvu, ambayo ninaipa kwanza dakika moja au mbili ipoe. Na barabara ya Kolwezi ninakwenda kwa 85, nikiangalia mbele ili nisifunge breki kila mara kabla ya peaji na kabla ya matuta. Breki ni mazuti uliyokwisha kuyalipia.

---

Msimamizi wa Magari, Fungurume

Kwa magari yanayokaa ndani ya migodi, lita kwa kilomita 100 ni kipimo kisichofaa kabisa. Gari la namna hiyo linaweza kutembea kilomita 40 kwa siku nzima huku injini haijazimwa tangu asubuhi. Sisi tunapima lita kwa saa. Pikapu kadhaa za Kimarekani za mazuti zinaonyesha kwenye dashibodi saa za injini na saa za kuunguruma gari likiwa limesimama. Soma zote mbili kabla ya kununua gari lililotumika, kwa sababu gari lenye kilomita chache na saa nyingi limechoka kuliko linavyoonekana.

Tena, magari mapya yenye kichujio cha moshi yanahitaji kuchoma masizi mara kwa mara kwa kuongeza mazuti, na kuunguruma kwa muda mrefu hujaza kichujio hicho upesi. Yanahitaji pia mazuti yenye salfa kidogo sana, isiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Anayenunua gari hilo na kulijaza kwenye vidumu vya kandokando ya barabara atajuta mapema.

---

Mama Mizigo wa Katuba

Baba Mpimaji, heshima kwako. Mimi nasafirisha unga na chumvi, na naomba mnisamehe nikisema kwamba ninyi wanaume mnahesabu lita bila kuhesabu magunia. Mimi naangalia lita kwa tani.

Land Cruiser 79 ikinibebea tani moja kwa lita 14, kila tani imekula lita 14 kwa kilomita 100. Canter ikinibebea tani tatu na nusu kwa lita 16 au 17, kila tani imekula chini ya lita tano. Pikapu kubwa ya Kimarekani ikiwa na tani moja mgongoni kwa lita 15 imeshindwa hata na 79. Lakini ikivuta trela ya tani tano kwa lita 22, kila tani inakula lita nne na kidogo, na hapo imeikaribia Canter, hata kuipita. Basi gari hilo kubwa linampa faida mwenye kazi ya kuvuta tu. Anayelinunua ili kubebea magunia kumi, au kwenda nalo sokoni na kanisani, analisha mnyama asiyefanya kazi.

Neno langu lingine ni juu ya bidoni. Bidoni la njano likijazwa mpaka shingoni hubeba zaidi ya lita 20, na lisipojazwa hubeba pungufu, kwa hiyo mtu anayepima matumizi kwa mabidoni hajui alichopima. Dereva wangu akiniletea hesabu ya mabidoni simpokei; nataka risiti ya pampu.

---

Kijana wa Ruashi

Wazee wangu, nimesoma yote kwa makini. Nina kazi ya kupeleka vifaa vya kuchimbia visima upande wa Mitwaba: mabomba, pampu, na kompresa ndogo ya kuvuta ya kama tani moja na nusu. Nimepewa nafasi ya kuchagua kati ya 79 ya 1HZ iliyotumika na F-250 ya lita 6.7 iliyotumika, bei zikiwa zinakaribiana. Je, nihesabu lita ngapi, na nichukue ipi?

---

Mpimaji wa Kampemba (mwanzisha uzi)

Asante Mama Mizigo. Hesabu ya lita kwa tani ningepaswa kuombwa na kila mfanyabiashara wa mji huu, na naomba kila atakayeleta namba baada yako aiambatanishe.

Kijana wangu, kazi yako iko katikati kabisa, ndiyo maana inastahili kuhesabiwa. Pale lami inapoishia, namba zote za lami ziache nyuma. Kwa 79 yenye mzigo mgongoni na kompresa nyuma, kwenye udongo, usipange chini ya lita 18 hadi 20, na kila mpando utakuwa wa gia ya pili kwa sababu ya ile hewa nyepesi aliyoieleza Fundi. F-250 itavuta mzigo huo bila kuhangaika, lakini yenyewe tupu ina zaidi ya tani tatu, na kwenye udongo laini uzito huo unalipiwa kila mita hata ukirudi bila mzigo. Panga lita 22 hadi 25 wakati wa kwenda, na usitegemee chini ya 16 au 17 wakati wa kurudi.

Kwa mtu anayevuta kila juma kwenye lami ningesema F-250. Kwako wewe nasema 79, na sababu kubwa si zile lita nne au tano. Huko unakokwenda mazuti utakayoyapata yatatoka kwenye mapipa na mabidoni, na pampu ya kimakanika ya 1HZ inavumilia uchafu ambao ungeua pampu ya shinikizo kubwa ya lita 6.7, na bei ya pampu hiyo pamoja na injekta nane inaweza kumeza mazuti ya mwaka mzima. Weka filta ya pili ya kutenganisha maji kabla ya pampu, na uifungue chini kila asubuhi uone kilichotulia.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji mwende pamoja kwenye pampu, mjaze kwa utaratibu nilioueleza, mwende Likasi na kurudi kwa kilomita 80 kwa saa, kisha mjaze tena. Ni zaidi ya kilomita 200 za lami, zinatosha. 1HZ nzima, tupu, isipozidi lita 12 na nusu ichukue. Ikifika 15, mwite Fundi wa Kamalondo na chupa yake ya kupimia nozeli (vinyunyizio) kabla hujataja bei. Na utuandikie hapa kipimo cha matairi yaliyo juu ya gari siku hiyo.

---

Fundi wa Kamalondo

Naafiki, ila kwa 1HZ nozeli hatuzipimi kwa chupa. Tunazifungua na kuzifunga kwenye pampu ya mkono yenye geji, moja baada ya nyingine. Inayotoa ukungu na kukata kavu inarudi garini. Inayodondosha tone mdomoni inabadilishwa. Kijana, njoo nalo mapema asubuhi, injini ikiwa baridi, nisikie inavyowaka kwanza.